NFS inaganda na faili ndogo zinatambaa: je, async na soft ni dawa?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini tuna seva moja ya Debian 12 yenye RAM ya GB 16 na diski mbili za kuzunguka, mizunguko 7200 kwa dakika, kwenye RAID 1 (diski mbili zenye nakala ile ile) na mfumo wa faili wa ext4. Kompyuta 12 za Ubuntu 22.04 zinamaunti /srv/kazi kwa NFS (njia ya kutumia folda ya seva kupitia mtandao kana kwamba iko kwenye kompyuta yako) kupitia swichi ya gigabiti. Shida zangu ni nne. Kompyuta mbili hazivuki MB 11 kwa sekunde, nyingine zinafika 110. Kufungua tar yenye faili ndogo 20,000 kunachukua dakika 40, ilhali nikiifungulia kwenye seva yenyewe ni sekunde chache tu. Mtu akinakili video kubwa, ls kwa wengine inaganda sekunde ishirini hadi thelathini, na Ctrl-C haisaidii. Na kwenye kompyuta moja mpya, faili zangu zinaonekana ni za mwenzangu, halafu nikinakili kwa sudo zinakuwa za nobody. Nimeshauriwa niweke async kwenye exports (faili ya seva inayoorodhesha folda inazotoa), na soft, rsize=8192, wsize=8192 na noatime kwenye fstab (faili ya kompyuta inayoorodhesha vya kumaunti). Nifanye hivyo?"

Jibu: Ndugu, usiweke hata kimoja katika hivyo vitano. Viwili vya kwanza vinahatarisha data ya watu, viwili vinavyofuata vitakupunguzia kasi, na cha mwisho hakifanyi chochote kwenye NFS. Halafu shida ulizoandika hazina chanzo kimoja. Ya kwanza ni ya waya, ya pili na ya tatu ni za diski, ya nne ni ya namba za watumiaji. Ukizichanganya na kuzitafutia chaguo moja la kuzitibu zote, utabadilisha fstab mwezi mzima na ofisi itaendelea kulalamika.

Nitaanza na nyepesi.

Kompyuta mbili zenye MB 11

Namba yenyewe inakuambia kila kitu. Megabiti 100 kwa sekunde ukizigawa kwa 8 ni megabaiti 12.5, ondoa vichwa vya pakiti, unabaki na 11 na ushee. Kompyuta hizo mbili zimekubaliana na swichi kwa kasi ya 100, si 1000. Thibitisha kwenye kila moja:

sudo ethtool enp3s0 | grep -E 'Speed|Duplex'

Badilisha enp3s0 kwa jina la kadi yako, utalipata kwa `ip link`. Ukiona Speed: 100Mb/s, shika kebo kabla ya kushika kitu kingine. Ethaneti ya 100 inatumia jozi mbili tu za nyaya, pini 1 na 2, kisha 3 na 6. Gigabiti inazihitaji jozi zote nne. Kwa hiyo waya mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 usipogusa vizuri, kompyuta haitakatika mtandao. Itashuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea na kazi, ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Chukua plagi ya RJ45 uitazame kwenye mwanga, ulimi wa plastiki ukiwa upande wa chini na kebo ikielekea kwako. Kwa mpangilio wa T568B, kutoka kushoto unapaswa kuona nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia zaidi bluu mbili za katikati na kahawia mbili za mwisho, maana hizo ndizo za pini 4, 5, 7 na 8. Kila waya lazima ufike hadi mwisho wa plagi, chini ya meno ya shaba. Ukiuona mmoja umeishia milimita mbili nyuma, umempata mwizi wako. Kata, bana upya ncha zote mbili, au weka kebo nyingine.

Kisha pima mtandao peke yake, bila NFS wala diski. Kwenye seva endesha `iperf3 -s`, kwenye kompyuta (weka anwani ya seva yako badala ya 192.168.10.5):

iperf3 -c 192.168.10.5
iperf3 -c 192.168.10.5 -R

Ya pili inageuza mwelekeo, na usiiruke, kwa sababu kebo mbovu wakati mwingine inaumwa upande mmoja. Gigabiti nzima inatoa karibu 940 Mbits/sec pande zote mbili. Ukiipata hiyo, mtandao umemaliza kazi yake. Huna haja ya kuurudia tena katika shida zinazofuata.

Neno moja kuhusu MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja kwa baiti, maana utakutana na mtu wa kukushauri uweke 9000. Kwenye gigabiti acha 1500. Kompyuta na seva zikiwekwa 9000 huku swichi haipitishi pakiti kubwa, utapata ugonjwa unaowasumbua watu siku nzima: folda ndogo inafunguka, ping inaitika, lakini faili kubwa au folda yenye maelfu ya majina inaganda milele. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinatupwa. Kama kuna aliyewahi kuigusa MTU hapo kwenu, jaribu `ping -M do -s 8972 192.168.10.5` kutoka kwenye mashine yenye 9000. Isipoitika, rudisha 1500 kila mahali.

Faili 20,000 kwa dakika 40

Hapa ndipo wengi wanapotea, basi twende polepole kwa hesabu.

Dakika 40 ni sekunde 2400. Gawa kwa faili 20,000, unapata sekunde 0.12, yaani milisekunde 120 kwa kila faili. Sasa piga ping kwenye seva. Kwenye mtandao wa ofisi wenye swichi moja jibu huja kwa milisekunde 0.2 au 0.3. Kuunda faili moja ndogo kwa NFS kunahitaji safari chache kwenda na kurudi: kuifungua na kuiunda, kuandika yaliyomo, kuweka ruhusa na tarehe, kuifunga. Hata tukihesabu safari kumi, mtandao umekula milisekunde 3 kati ya 120. Kwa hiyo hata ungenunua swichi ya gigabiti 10 leo, ungeokoa dakika moja katika dakika arobaini.

Milisekunde 117 zilizobaki ziko kwenye diski. Diski ya 7200 inazunguka mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. NFS ikiwa kwenye hali ya `sync`, ambayo ndiyo ya kawaida, seva hairuhusiwi kujibu "faili imeundwa" mpaka habari hiyo iwe imeandikwa kwenye diski yenyewe, na kubaki kwenye RAM hakutoshi. Kwenye ext4 kila ahadi ya namna hiyo inamaanisha kuandika jono (daftari la mabadiliko) la mfumo wa faili na kuiamuru diski imwage kache yake, yaani kumbukumbu yake ya muda. Kichwa cha diski kinahama, kinasubiri sahani izunguke, kinaandika, kinahama tena. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa faili moja na milisekunde 120 hazishangazi hata kidogo.

Na kwa nini tar ikifunguliwa kwenye seva yenyewe inaisha upesi? Kwa sababu tar haiombi uhakika huo. Inaandika kwenye RAM, inatoka, na keneli (kiini cha Linux) inamwaga diskini baadaye kwa mafungu makubwa. Yaani unalinganisha kazi iliyokamilika na kazi iliyoahidiwa. Ukitaka ulinganisho wa haki, endesha kwenye seva:

time sh -c 'tar xf kifurushi.tar && sync'

Hata hapo itashinda kwa mbali, kwa kuwa inamwaga mara moja mwishoni badala ya mara elfu themanini njiani.

Usiniamini kwa hesabu tu, pima. Wakati tar inaendelea, kwenye kompyuta ya mtumiaji (/kazi ni pale ilipomauntiwa /srv/kazi ya seva):

nfsiostat 5 /kazi

Tazama safu mbili, avg RTT na avg exe. RTT ni muda tangu ombi litoke hadi jibu lirudi, ukijumlisha kazi ya seva. Exe ni muda wote tangu programu ilipoomba, ukijumlisha foleni ya hapo hapo kwenye kompyuta. Kwa kawaida nfsiostat inaonyesha kusoma na kuandika tu. Ukitaka kuona kuunda na kubadilisha ruhusa pia, tumia `mountstats /kazi`, usome mistari ya OPEN, SETATTR, WRITE na CLOSE. RTT ikiwa milisekunde 30 huku ping ni 0.2, muda unapotelea ndani ya seva. Exe ikiizidi RTT kwa mbali, foleni iko kwa mtumiaji. Kwako ninatarajia ya kwanza. Kisha kwenye seva:

iostat -x 2

Safu za f/s na f_await zinakuonyesha diski inaamriwa kumwaga mara ngapi kwa sekunde na kila mara inachukua milisekunde ngapi. Ukiona %util karibu na 100 huku wkB/s ni ndogo kabisa, diski imechoka kwa kukimbizwa huku na huku, si kwa uzito wa data.

Sasa async. Ukiiweka, tar yako itashuka kutoka dakika 40 hadi labda dakika moja, na ndiyo maana ushauri huu unapendwa. Lakini angalia kinachotokea. Tangu NFS toleo la 3, lililoandikwa mwaka 1995 kwenye RFC 1813, kompyuta ya mtumiaji inaweza kutuma data bila kusubiri diski, ila inashikilia nakala yake kwenye RAM mpaka itume ombi la COMMIT na seva ijibu kwamba data imefika salama. Seva ikizimika katikati, ikiwaka tena inatoa alama mpya. Kompyuta inaiona alama imebadilika na inatuma upya kila kitu ilichokuwa bado inakishikilia. Ni mpango mzuri mno, unavumilia umeme kukatika bila kupoteza baiti. Ukiweka `async`, seva inajibu COMMIT kwa uongo. Inasema "nimeandika" wakati data bado iko kwenye RAM. Kompyuta inaamini, inatupa nakala yake. Umeme ukikatika sekunde tano baadaye, hakuna mahali popote data hiyo ilipo, na hakuna programu iliyopata kosa la kumwambia mtu. Mhasibu alihifadhi, akaona imehifadhiwa, akaenda nyumbani. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, huo ni mtego uliotegwa tayari. `async` inafaa kwa folda ya vitu vya muda ambavyo unaweza kuvitengeneza upya, basi.

Ufanye nini badala yake? Kwanza, kama ni kazi ya mara moja moja, ingia kwenye seva kwa ssh ufungulie tar huko, kisha `sync`. Ni bure na inamaliza tatizo. Pili, kama ni kazi ya kila siku ya kujenga programu au kuchakata faili nyingi ndogo, ifanyie kwenye diski ya kompyuta ya mtumiaji halafu peleka matokeo tu. Tatu, gawa kazi: tar nne zikiendeshwa pamoja, kila moja na sehemu yake, zinaisha haraka kuliko moja ikifuatwa na nyingine, kwa sababu ext4 inaweza kuunganisha ahadi kadhaa kwenye mmwago mmoja wa diski. Mkondo mmoja unasubiri jibu kabla ya kuomba tena, kwa hiyo hauna cha kuunganisha.

Na dawa ya kudumu ni vifaa. Badilisha hizo diski mbili kwa SSD zenye kinga ya umeme kukatika, zile za seva zenye kapasita ndani yake. Kapasita inaipa SSD nguvu ya kumalizia kuandika umeme ukipotea, hivyo inaweza kujibu "nimeandika" papo hapo bila kudanganya. SSD za kawaida za kompyuta za nyumbani zinasoma kwa kasi, lakini zikiamriwa kumwaga kache kila mara nyingi hupungua kwa kiasi cha kushangaza. Ukinunua hizo utasikitika. Kadi ya RAID yenye kache na betri inafanya kazi ile ile kwa diski za kuzunguka, mradi betri inakaguliwa, maana ikifa kadi nyingi huacha kutumia kache hiyo na unarudi ulipokuwa.

Sijataja rsize na wsize hapa kwa sababu hazihusiki. Namba 8192 ni mabaki ya enzi za NFS juu ya UDP. Leo kompyuta na seva hukubaliana zenyewe, na seva yenye RAM kama yako hufika 1048576, yaani MB 1 kwa ombi moja. Ukiandika 8192 unailazimisha kompyuta ivunje kila megabaiti kuwa maombi 128. Angalia mlichokubaliana kwa `nfsstat -m`. Na noatime, kama nilivyosema, haina athari kwenye maunti ya NFS. Tarehe ya kusomwa kwa faili inatunzwa na seva, kwa hiyo kama unaitaka, iweke kwenye fstab ya seva kwa hiyo diski ya ext4.

ls inayoganda wengine wakinakili

Tenga kwanza aina mbili za kuganda, maana zinafanana kwa macho.

Kama `ls -l` inaganda kwenye kompyuta ile ile inayonakili, na ni ndani ya folda inakonakiliwa faili, hiyo ni tabia ya kawaida. Kompyuta ikiombwa ukubwa na tarehe ya faili ambayo bado ina data haijatumwa, inalazimika kuituma kwanza ili tarehe iwe ya kweli. Mashine yenye RAM ya GB 8 inaweza kulimbikiza GB 1.6 kabla ya kubanwa. Kwa MB 110 kwa sekunde hizo ni sekunde 14 za kusubiri. Ukumbuke pia kwamba kwenye Ubuntu `ls` tupu ni kifupi cha `ls --color=auto`, na rangi zinaweza kuilazimisha iulize habari za kila faili. Jaribu `\ls` uone tofauti.

Kama inaganda kwa wengine, ambao ndio malalamiko yako, tazama seva. RAM ni GB 16, na keneli kwa kawaida inaruhusu data isiyofika diskini ifike asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo tayari kutumika. Hiyo inakaribia GB 3. Video inaingia kwa MB 110 kwa sekunde, diski inaandika labda 150 ikiwa peke yake na chini ya hapo ikiwa inasumbuliwa. Mnakili anatuma COMMIT, seva inaanza kumwaga GB nzima nzima, na kila mwingine anayetaka kusoma jina la faili anasimama nyuma ya mlima huo. GB 3 kwa MB 150 ni sekunde 20. Ndizo sekunde ishirini zako.

Fupisha mlima. Kwenye seva tengeneza /etc/sysctl.d/60-nfs.conf yenye mistari hii miwili:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456

Kisha `sudo sysctl --system`. Sasa seva inaanza kumwaga ikifika MB 64 na haivuki MB 256. Kunakili video hakutaongezeka kasi, pengine kutapungua kidogo, lakini wengine watapata zamu. Ukiona bado inakwama, shusha nusu. Ukiona mnakili anateseka mno, pandisha. Hizi ni namba za kuanzia, diski yako ndiyo itakayokuambia ukweli.

Sababu ya pili ni nyuzi za nfsd, yaani wafanyakazi wa seva wanaojibu maombi ya NFS. Kwa kawaida huanza nane, na kila uzi unashughulikia ombi moja kwa wakati. Zote nane zikiwa zimekwama kusubiri diski kwa ajili ya mnakili mmoja, ombi la `ls` ambalo jibu lake liko tayari kwenye RAM ya seva halina wa kulipokea. Wakati wa kuganda, kwenye seva:

ps -eo state,wchan:30,comm | grep nfsd
cat /proc/fs/nfsd/pool_stats

Nyuzi zote zikionyesha D, zote zinasubiri diski. Kwenye pool_stats, safu ya tatu inahesabu mara ambazo ombi lilifika likakosa uzi ulio huru. Soma mara mbili kwa sekunde kumi, na kama namba inakimbia wakati wa kuganda, ongeza nyuzi. Miongozo mingi ya zamani inakuelekeza usome mstari wa th kwenye /proc/net/rpc/nfsd. Usipoteze muda, takwimu zile ziliondolewa kwenye keneli zamani na sifuri unazoziona hazina maana yoyote.

Kuongeza papo hapo ni `sudo rpc.nfsd 32`. Kudumu, hariri /etc/nfs.conf:

[nfsd]
threads=32

Kila uzi unashika karibu MB 1 ya RAM, kwa hiyo 32 au hata 64 si mzigo kwa GB 16. Ila usiende 500 ukidhani unaongeza kasi. Diski ni ile ile, unaongeza tu wanaoigombania.

Kabla ya kuhitimisha kuwa ni diski, soma kumbukumbu za kompyuta kwa `sudo dmesg -T | grep nfs`. Ukikuta "not responding, still trying" ikifuatiwa na "OK", linganisha saa. Kompyuta zote kwa dakika moja: seva au swichi. Kompyuta moja peke yake: rudi kwenye kebo yake.

Kuhusu Ctrl-C: tangu Linux 2.6.25 chaguo la intr halitumiki tena, hata ukiliandika linapuuzwa. Programu inayosubiri NFS inasikia `kill -9` tu. Watu wakilikosa hilo ndipo wanapokimbilia `soft`, na hapa nakusihi. Kwa `hard`, ambayo ni ya kawaida, seva ikipotea programu inasubiri. Seva ikirudi inaendelea pale pale ilipokuwa, hata baada ya saa nzima. Kwa `soft`, majaribio yakiisha programu inapewa kosa la kuandika. Programu nyingi haziangalii kosa hilo. Zinaendelea na kipande kinachofuata, seva inarudi, na unabaki na faili yenye ukubwa sahihi na shimo katikati. Hifadhidata au faili ya hesabu ikiharibika namna hiyo utaigundua baada ya wiki, nakala zako za akiba zikiwa nazo zimebeba shimo lile lile. Kuganda kunaudhi, lakini mwenye kusubiri hajapoteza kitu.

Kinachokera kwa kweli ni kompyuta kukwama ikiwaka huku seva imezimwa. Hilo lina dawa salama, kwenye fstab, mstari mmoja:

192.168.10.5:/srv/kazi /kazi nfs4 hard,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Hapo kompyuta inawaka bila kuisubiri seva, na maunti inafanyika mtu anapoigusa /kazi kwa mara ya kwanza. Upande wa seva, /etc/exports:

/srv/kazi 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Hakikisha hakuna nafasi kabla ya mabano. Ukiacha nafasi, mtandao wako unapata ruhusa za kawaida, yaani kusoma tu, na rw inakwenda kwa dunia nzima. Baada ya kuhariri, `sudo exportfs -ra`, kisha `sudo exportfs -v` usome seva imeelewa nini.

Jambo jingine la kuwaambia watumiaji: seva ikiwaka upya baada ya umeme kukatika, NFS 4 inaweza kutoa hadi sekunde 90 za kungoja ili kompyuta zilizokuwa na faili wazi au kufuli zidai vyao. Katika muda huo kufungua faili kunaganda. Wasiwashe upya kompyuta zao. Kufanya hivyo kunatupa data ile iliyokuwa ikisubiri kutumwa tena.

Faili za mwenzako, na nobody

NFS ya kawaida, sec=sys, haijui majina. Inabeba namba. Kwenye kompyuta ya zamani wewe ni 1001, kwenye mpya uliundwa wa kwanza ukawa 1000, na kwenye seva 1000 ni mwenzako. Endesha `id` kwenye mashine zote tatu na `ls -ln /kazi`, utaziona namba uso kwa uso. Hili si suala la maonyesho tu: kwenye mashine hiyo mpya una ruhusa zote za mwenzako, na yeye akiwa na akaunti huko anaweza kuwa na zako.

Wengi watakuelekeza kwenye Domain ya /etc/idmapd.conf. Soma kwanza:

cat /sys/module/nfs/parameters/nfs4_disable_idmapping

Ikijibu Y, ambayo ni ya kawaida, kwa sec=sys kutafsiri majina kumezimwa na kubadilisha Domain hakutakusaidia. Na hata kungewashwa, kungebadilisha jina unaloliona tu. Ruhusa ya kusoma na kuandika bado inaamuliwa kwa namba. Linganisha namba zenyewe. Kwenye mashine mpya, ukiwa umeingia kwa akaunti nyingine yenye sudo, na huyo mtumiaji hana programu inayoendeshwa (badilisha "jina" kwa jina la akaunti, na hakikisha 1001 haijashikwa na mtu mwingine hapo):

sudo usermod -u 1001 jina
sudo groupmod -g 1001 jina
sudo find / -xdev -uid 1000 -exec chown -h 1001 {} +
sudo find / -xdev -gid 1000 -exec chgrp -h 1001 {} +

Hilo -xdev linaizuia find isivuke kwenda /kazi ikabadilishe faili za watu. Usiliache. Kama /home iko kwenye diski yake, rudia amri mbili za mwisho kwa /home badala ya /. Kompyuta 12 bado zinawezekana kwa mkono ukiwa na karatasi ya namba ukutani. Zikizidi hapo, au watu wakihama mashine mara kwa mara, weka LDAP, yaani orodha moja ya watumiaji inayotunzwa kwenye seva, ili namba itoke mahali pamoja. Na mtu akiwa kwenye makundi zaidi ya 16, yaliyozidi hayapiti kwenye ombi la NFS, basi anakataliwa folda ambayo kwa macho anayo ruhusa; tiba ni `manage-gids=y` chini ya [mountd] kwenye nfs.conf ya seva, na makundi hayo yawepo kwenye seva.

nobody ni kitu kingine kabisa. Ukitumia sudo wewe ni root, namba 0, na seva kwa chaguo la root_squash inaigeuza 0 kuwa 65534, ambaye ndiye nobody. Ni kinga: bila hiyo, yeyote mwenye sudo kwenye kompyuta yoyote kati ya 12 angekuwa root juu ya faili zote. Usiizime kwa no_root_squash. Acha kunakili kwa sudo; kama unalazimika kutumia sudo ndiyo uandike, ruhusa za folda zina kasoro, na hizo zirekebishwe kwenye seva. Faili ambazo tayari zimekuwa za nobody zitafute huko huko:

sudo find /srv/kazi -uid 65534 -ls

Soma orodha yote kabla ya kubadilisha mwenyewe kwa chown, kwa sababu watu wawili watatu wanaweza kuwa walitumia sudo kama wewe, na namba 65534 haikumbuki ni nani.